Mafundo Sita

Kila siku nilipotoka shule nilivua sare, nikanawa mikono hadi viwikoni, kisha nikaenda kukaa kwenye kigoda kando ya bibi yangu. Kunawa ilikuwa amri. Bibi alikuwa fundi wa nyavu za magoli ya mpira, na hakutaka mtu aguse uzi wake akiwa na vidole vyenye mafuta. Wenzangu wakati huo walikuwa wakiruka kamba nje. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nafuma, na siwezi kusema kwamba nilifurahi kila siku.

Wavu ulitundikwa kwenye misumari miwili ukutani, katika ukumbi mdogo wa mbele ya nyumba. Bibi alishika sindano yake ya mbao, nene kama kidole gumba, na kibao cha kupimia ili kila jicho la wavu lilingane na jirani yake. Macho yake mwenyewe yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini vidole havikuhitaji msaada.

"Uzi unauzungusha mara mbili," alinifundisha, "kisha unavuta mpaka usikie umelia. Ukizungusha mara moja tu, hilo tunaliita fundo la mgeni."

"Kwa nini la mgeni, Bibi?"

"Linakaa kidogo, linasifu mapishi, halafu linaaga."

Mimi aliniita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu babu alikuwa akiniita mke wake tangu niko kwenye nepi. Babu alikuwa ameshatutoka, lakini utani ulibaki. Nikikosea kufuma, Bibi alisema, "Ndiyo maana mume wetu alinioa mimi kwanza." Mama, aliyekuwa akifua mashuka hospitalini na kurudi jioni mgongo ukimuuma, alicheka hata akiwa amechoka namna gani.

Wiki ninayotaka kuisimulia ni ile ya fainali ya kombe. Timu yetu ilikuwa ya watu wa kazi: kipa alikuwa mwoka mikate, beki wa kati alikuwa seremala, na nahodha, aliyekuwa pia mshambuliaji, alikuwa kinyozi wa mtaa wetu. Jumatano, msimamizi wa uwanja alituletea wavu wa goli la kushoto. Huyu alikuwa mtu mnene mwenye pete ya funguo kiunoni ambayo mlio wake ulitangulia kufika kabla yake, na watoto tulimwita Bwana Funguo. Vijana walikuwa wamening'inia kwenye ule wavu mazoezini, ukachanika pale chini pembeni, tundu kubwa la kumpitisha mbuzi.

"Jumamosi saa kumi ni mechi, Bibi," alisema Bwana Funguo. "Tutauweza?"

"Nyavu nimezifuma kabla hujaota ndevu," Bibi akamjibu. "Lete kazi, nenda zako."

Alipoondoka, Bibi akanigeukia. "Mke mwenzangu, tukiumaliza huu pamoja, Jumamosi utaingia uwanjani. Umekua sasa."

Sikuwahi kuingia uwanjani hata siku moja. Mechi zote nilizisikia kutoka nyumbani, kelele zikipanda na kushuka, nikikisia nani kafunga. Usiku ule sikulala mapema kwa furaha.

Habari ilienea, na siku zile kila aliyepita kwenye ukumbi wetu alijifanya mwalimu wangu. Mpeleka barua aliegesha baiskeli akanieleza kwamba siku yake ya kwanza uwanjani alipotea, na watu wakampitisha juu ya vichwa, mkono hadi mkono, mpaka akatua mapajani kwa baba yake. Mama alikiri kwamba yeye alikula karanga za kaka zake zote, akasinzia, na hadi leo hajui nani alishinda. Kinyozi alikuja akiwa bado na taulo la kazi begani.

"Mimi nilibebwa mabegani na mzee wangu," alisema. "Mbele yetu kulikuwa na mwanamke mwenye mwavuli, kwa hiyo bao lenyewe sikuliona. Lakini nilimsikia mzee anatetemeka chini yangu. Nikashika kichwa chake, nikagundua analia. Mzee yule hakuwa mtu wa kulia. Basi nikasema, nikikua nitacheza hiki kitu kinachomliza baba yangu."

"Na umeshafunga katika fainali?" nikamuuliza.

"Bado. Na goti hili linaniambia Jumamosi ndiyo mara ya mwisho." Akalipigapiga goti lake taratibu, akarudi kwenye kiti chake cha kunyolea.

Nilimwuliza na Bibi. Alinijibu huku akifuma.

"Nilikuwa na miaka tisa," alisema. "Wachezaji siwakumbuki. Nakumbuka mpira ulipoingia, wavu ulijaa ukawa kama tumbo la mtu aliyeshiba, halafu watu wote wakapiga kelele. Nikajiuliza, hicho kitu kinachopokea furaha ya watu wote hawa, nani amekifuma?"

Hadi Ijumaa jioni tulikuwa tumeziba karibu tundu lote. Yalibaki macho kumi na manne. Asubuhi ya Jumamosi Bibi alitakiwa uwanjani kufunga wavu wa goli la kulia, akaniachia sindano.

"Kumi na manne tu," alisema. "Mara mbili, na yalie. Nikirudi saa sita nitakukuta umemaliza?"

"Utanikuta nimemaliza, Bibi."

Nilianza vizuri. Jicho la kwanza, la pili, hadi la nane, yote yalilia kama inavyotakiwa. Ndipo alipotokea rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, tuliyemwita Pengo kwa sababu ya jino la mbele aliloliacha kwenye ngazi za shule.

"Bado unashona?" aliniuliza. "Foleni imeshafika kwa fundi viatu. Tukichelewa tutasimama nyuma, tuangalie migongo ya watu."

"Yamebaki sita."

"Basi yafunge upesi. Nani atayahesabu?"

Nilitazama saa ya ukutani, nikatazama barabara. Watu walikuwa wakipita na vitambaa vya rangi ya timu yetu, wakiimba. Haraka haraka haina baraka, hilo nililijua tangu chekechea, lakini kujua ni kitu kimoja na miguu inayowasha ni kitu kingine. Nilizungusha uzi mara moja, nikavuta kidogo. Mara moja tena. Mafundo sita yakaisha kabla Pengo hajamaliza ndizi yake. Kwa kuyatazama tu, hayakutofautiana na mengine.

Bibi alirudi saa sita na gari dogo la uwanja, dereva akiwa nyuma ya usukani na injini inanguruma.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bibi."

"Umeyakaza yote?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Ningemwambia tu, Bibi, sita ya mwisho niyarudie, na angenitania kidogo kisha tungeyarudia kwa dakika kumi. Badala yake nikasema, "Nimeyakaza yote."

Kwa kawaida Bibi hupitisha vidole kwenye kila fundo kabla kazi haijatoka mlangoni. Siku ile dereva alipiga honi mara mbili. Bibi akanipapasa kichwani, akaukunja wavu, akasema, "Mkono wako ni mkono wangu." Akapanda nao garini, wakaondoka.

Uwanjani mimi na Pengo tulipata nafasi nzuri kuliko tulivyotarajia, nyuma kidogo ya goli la kushoto, vifua vyetu vikiegemea uzio wa chuma. Ningependa kuwaambia kwamba nakumbuka kila pasi. Nakumbuka majani yalivyokuwa ya kijani kupita nilivyodhani, na harufu ya dawa ya kuchua misuli, na mzee mmoja aliyekuwa akiongea na redio yake kana kwamba mtangazaji angemjibu. Mwamuzi alikuja akautikisa wavu wetu, akautazama juu hadi chini, akaridhika. Nikapumua.

Kanuni ya kombe letu ilisema fainali ikiisha sare, kombe linakwenda kwa timu yenye pointi zaidi za makundi, na wageni ndio waliokuwa nazo. Sisi tulihitaji bao moja. Kipindi cha kwanza kiliisha bila kitu. Cha pili timu yetu ilishambulia goli la kushoto, lile lenye wavu wetu, na mipira mitatu ilipiga wavu ule kwa nje, pale pale chini pembeni. Kila mpira ulipogonga niliyatafuta kwa macho yale mafundo yangu sita.

Dakika za mwisho, seremala alipiga mpira mrefu. Kinyozi aliupokea kwa kifua, akamzunguka beki, na kwa ule mguu wenye goti bovu akaupiga chini, pembeni, mbali na kipa. Niliuona ukiingia kati ya milingoti. Niliuona kwa macho yangu haya. Wavu haukujaa. Mpira ulipita katikati ya mafundo yangu kama mtu anayepita mlango ulioachwa wazi, ukaenda kusimama kwenye uzio, karibu na miguu yangu na Pengo.

Mwamuzi alikuwa mbali. Mshika kibendera aliuona mpira uko nyuma ya goli na wavu haukutikisika, akaonyesha kwamba umetoka nje. Wachezaji wetu wakamzunguka mwamuzi, watu wakapiga mayowe, lakini alishaamua. Baada ya dakika mbili filimbi ya mwisho ikapigwa. Wageni wakakumbatiana. Kinyozi alikaa chini katikati ya uwanja, akavua kiatu kimoja, akakishika tu mkononi.

Ndipo watu walipogundua tundu. Bwana Funguo alikuja mbio, funguo zikilia, na Bibi akaja nyuma yake polepole kutoka kwenye benchi. Watu wakampisha. Alichuchumaa, akaingiza vidole kwenye tundu, akagusa ncha za uzi moja baada ya nyingine. Kwenye ya tatu vidole vyake vilisimama. Alikaa hivyo muda mrefu, nami niko hatua tano tu kutoka kwake, nyuma ya chuma.

"Bibi, hatukulaumu," alisema Bwana Funguo, ingawa sauti yake ilikuwa ya lawama tupu. "Macho yamechoka. Umefanya kazi miaka mingi. Kuanzia sasa tutaagiza nyavu za kiwandani, nawe upumzike."

Bibi alisimama kwa kujishika mlingoti.

"Wavu umetoka nyumbani kwangu," alisema. "Kosa ni langu."

Pengo alinitazama. Mimi nilitazama chini.

Tulirudi nyumbani mimi na Bibi tumeshikana mikono. Njiani watu walikuwa wakisema. Mmoja alisema bibi kizee kashona kombe la wageni, wenzake wakacheka. Bibi aliubembeza mkono wangu kana kwamba hakusikia. Laiti angenigombeza, ningejitetea hata kwa uongo mwingine. Hakunigombeza.

Jumapili hakukaa ukumbini. Alikusanya sindano zake za mbao zote saba, akazipangusa, akazifunga kwenye kitambaa, akazisukuma chini ya kitanda. Misumari miwili ilibaki ukutani mitupu. Mpeleka barua alipita, akaitazama, akasalimia na kuondoka bila kuegesha baiskeli.

Chakula kilinishinda. Mama aliniona nazungusha kijiko kwenye sahani, akanifuata jikoni nilipokwenda kuosha vyombo.

"Una nini?"

Nikamwambia yote, huku nikisugua sufuria moja ambalo lilikuwa limeshatakata zamani. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashusha pumzi.

"Umefanya vizuri kusema," alisema. "Lakini umemwambia mtu siye. Mimi sikunyang'anywa kazi, wala sikunyimwa bao."

"Nitasemaje mbele ya Bwana Funguo? Atanicheka."

"Huenda. Kucheka hakuui. Mama yangu kukaa na misumari mitupu ukutani, hilo ndilo ninalolihofia."

Jumatatu, kengele ya shule ilipolia, sikubadilisha hata sare. Nilikwenda moja kwa moja uwanjani. Ofisi ya msimamizi ilikuwa chumba kidogo chini ya ngazi za mashabiki, kimejaa koni za mazoezi na mipira isiyo na upepo. Bwana Funguo alikuwa mezani. Kinyozi naye alikuwepo, amekaa kwenye sanduku, amekuja kurudisha jezi za timu.

"Shikamoo," niliwaamkia.

"Marahaba. Umetumwa na bibi yako?"

"Hapana. Bibi hajui kama niko hapa." Nikajikaza kisabuni. "Lile tundu ni mimi. Macho sita ya mwisho niliyafunga mimi, na nilifunga vibaya kwa sababu nilitaka kuwahi foleni. Bibi aliniuliza kama nimeyakaza, nikamdanganya. Macho yake hayana kosa."

Bwana Funguo alinitazama kama anayepima kama nimefundishwa maneno.

"Watoto mnawapenda bibi zenu," alisema mwishoni. "Nitajuaje kwamba hukuja kumsitiri?"

Aliokota vipande viwili vya kamba ya kufungia koni, akanirushia mezani. Nikaelewa. Cha kwanza nilikifunga kama Bibi anavyofunga: mara mbili, nikavuta hadi kikalia. Cha pili nikakifunga kama nilivyofunga Jumamosi. Bwana Funguo alivuta cha kwanza hadi mishipa ya shingo ikamtoka, fundo likabaki pale pale. Alipovuta cha pili kidogo tu, kikafunguka mkononi mwake. Alikaa akiangalia ile kamba iliyonyooka.

"Kumbe," alisema taratibu. "Na mimi nilimwambia mbele za watu kwamba ni kipofu."

Nilimgeukia kinyozi. Huyo ndiye niliyekuwa nikimwogopa zaidi, kwa sababu alikuwa mtu mpole.

"Nisamehe," nilisema. "Lilikuwa bao."

Alikuwa akikunja jezi moja, akaifungua, akaikunja tena.

"Najua lilikuwa bao," alisema. "Kipa wao pia anajua, alinishika mkono akaniambia. Sitasema hainiumi, binti yangu, inauma. Lakini jana watu ishirini walikaa kwenye kiti changu cha kunyolewa, na wote walimsema bibi yako. Leo atakayekaa nitamweleza ukweli. Nimweleze?"

Nilijua maana yake. Mtaa mzima ungejua ni mimi.

"Mweleze," nikasema.

Saa kumi na moja Bwana Funguo alikuja nyumbani akiwa amebeba ule wavu begani yeye mwenyewe, bila gari, bila dereva. Bibi alikuwa amekaa ndani. Bwana Funguo alimwamkia kwa adabu ambayo sikuwahi kumwona nayo, akamweleza niliyoyasema ofisini, akamwomba radhi, na kumwambia kwamba matokeo ya mechi hayabadiliki, mwamuzi akishaamua ameamua, lakini kazi ya nyavu ni yake kama atapenda kuirudia.

"Nitairudia," alisema Bibi, "ila kwa sharti. Siku ya mechi, wavu hautoki mlangoni kwangu mpaka nimeugusa wote. Dereva akipiga honi, na apige hadi betri imwishie."

"Nitamwambia," alisema Bwana Funguo, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Alipoondoka tulibaki wawili. Bibi alivuta kitambaa kutoka chini ya kitanda, akakifungua, akachagua sindano. Nikashindwa kuvumilia.

"Bibi, ulijua?"

"Vidole vyangu havijazeeka. Nilipogusa ncha ya tatu, nilijua nani kafunga."

"Basi kwa nini hukusema? Wamekucheka njia nzima."

Aliketi, akanivuta nikaketi karibu naye, bega kwa bega.

"Kwanza, kwa sababu na mimi nilikosea. Nilikuamini nikaacha kukagua. Kumwamini mtu ni jambo jema, lakini kukagua ni sehemu ya kazi, na ile ilikuwa kazi yangu. Niliposema kosa ni langu, sikudanganya." Alitunga uzi kwenye sindano. "Pili, ningekutaja pale mbele ya watu, ungekuwa mtoto aliyekamatwa. Aliyekamatwa hujifunza kujificha vizuri zaidi siku nyingine. Nilitaka uje kusema mwenyewe. Uzembe wako ulitunyima bao, na hilo halirudi, utalibeba. Lakini uongo ungetunyima wewe. Leo umetembea peke yako hadi ofisini, ukasema ukweli ukijua utakugharimu. Mtu wa namna hiyo naweza kumpa kazi tena."

Nililia hapo, sikujizuia. Bibi aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake.

"Kanawe mikono," alisema. "Tunafungua upande wote na kuanza upya, na safari hii sindano unashika wewe."